Triptanthrini tano dhidi ya fangasi: shajara ya mradi

12 Februari 2024: Mpango

Shajara hii ni ya yeyote mwenye maabara ndogo anayetaka kutengeneza alkaloidi za kuiga na kuzipima dhidi ya fangasi bila mashine za mamilioni. Nitaongeza kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda vizuri nitayapita haraka. Yaliyonitoa jasho nitayaeleza kwa kirefu, maana hayo ndiyo vitabu huwa vinayaruka.

Alkaloidi wengi wetu tumezionja utotoni: kwinini ni mojawapo, na ule uchungu wake hausahauliki. Ni kemikali zenye naitrojeni ambazo mimea hujitengenezea, nyingi zikiwa za kujilinda. Njia ya kawaida hapa kwetu ni kuchimba mizizi, tuseme ya mjafari, kuikausha, kuisaga, na baada ya mwezi mzima wa kuchuja kuambulia miligramu chache. Mimi nilitaka umbo ambalo ningeweza kulijenga mwenyewe mezani, kisha nilibadilishe kipande kimoja kimoja nione fangasi wanaitikiaje.

Nimechagua triptanthrini. Ni alkaloidi ya njano yenye pete nne zilizoungana. Mwaka 1979 watafiti wa Kijapani waliitenga kutoka kwenye mmea Strobilanthes cusia, unaotumika huko kwa fangasi wa miguu, wakaonyesha kuwa ndiyo inayowazuia fangasi wa ngozi. Tena hujengwa kwa malighafi mbili tu: isatini na anhidraidi ya isatoiki. Isatini ni kitukuu cha nili, ile rangi ya buluu ya vitambaa, maana ilipatikana kwa mara ya kwanza kwa kuoksidisha nili.

Mpango ni triptanthrini tano, zitofautiane mahali pamoja tu, kaboni namba 8. T1 ina hidrojeni, T2 florini, T3 bromini, T4 methili, T5 nitro. Ukibadilisha isatini unayoanza nayo, unapata triptanthrini nyingine kwa njia ileile.

26 Februari: Jaribio la kwanza, asilimia 12

Isatini gramu 1.47, anhidraidi gramu 1.79, triethilamini kama besi, toluini mililita 40, nyuzi 110 kwa saa nne chini ya kondensa. Kabati la kufyonza hewa lilikuwa linafanya kazi, namshukuru Mungu, maana toluini si ya kuvuta puani.

Nilitarajia gramu 2 na ushee. Nilipata gramu 0.31. Rangi ilikuwa ya kutia shaka, kahawia inayoelekea njano kama maji ya mto baada ya mvua. Kwenye bamba la TLC, linalotenganisha vitu vya mchanganyiko kuwa madoa, kulikuwa na doa la njano nililolitaka, doa la chungwa la isatini ambayo haikutumika, na chini kabisa doa nene lililong'aa buluu kwenye taa ya UV.

Nilidhani ni muda. Nikarudia kwa saa nane. Gramu 0.34. Nikaongeza besi. Ikawa mbaya zaidi.

4 Machi: Kopo la zamani

Wiki nzima nilikuwa nabadilisha joto, muda na besi. Fundi wetu wa maabara, mzee ambaye kila mtu humwita Mzee tu, alinitazama nikipima anhidraidi kwa mara ya sita akaniuliza, "Mwanangu, hilo kopo umelipima linayeyuka nyuzi ngapi?"

Nikamwambia, "Shikamoo Mzee, limeandikwa juu."

"Marahaba. Kilichoandikwa juu ni cha siku lilipofungwa."

Nikajaza kapilari, nikaiweka kwenye kifaa cha kupimia myeyuko. Anhidraidi ya isatoiki safi hufika karibu nyuzi 233, tena huko inaharibika huku ikitoa gesi. Unga wangu ulianza kulowa nikiwa nyuzi 140 hivi, na kufikia 147 sehemu kubwa ilikuwa maji. Huo ni myeyuko wa asidi ya anthraniliki.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Anhidraidi hii ikikutana na unyevu, maji huifungua, kaboni dioksidi inatoka, inabaki asidi ya anthraniliki. Kopo lilikuwa la kabla yangu, kifuniko chake kina ufa, na hewa ya Dar es Salaam mnaijua. Lile doa la buluu ndilo asidi yenyewe, inayojulikana kwa kung'aa hivyo. Mmenyuko haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa napika ugali kwa unga wa muhogo huku nikilaumu moto.

Nimeagiza kopo jipya kupitia wakala, shilingi 310,000, wiki mbili na nusu. Kwa atakayeniiga: pima myeyuko wa malighafi zote kabla ya kuanza, hata kama kopo limefungwa. Ni dakika ishirini. Mimi zilinigharimu siku tisa na takribani gramu 9 za isatini.

22 Machi: T1 imepatikana

Kopo jipya, vipimo vilevile, saa nne. Dakika ya arobaini hivi fuwele za njano zilianza kuganda pembeni mwa chupa kabla hata sijazima moto, njano ile ya bizari, hadi nikamwita mdogo wangu wa mwaka wa tatu aje aone. Kupoza, kuchuja, kuosha kwa methanoli baridi mara tatu hadi maji ya kuoshea yasiwe na rangi ya chungwa, kukausha. Gramu 2.06, yaani asilimia 83. Inayeyuka nyuzi 266 hadi 267, doa moja kwenye TLC.

Kopo sasa linakaa ndani ya chombo chenye silika ya kukaushia, nimelizungushia plastiki, na tarehe ya kufunguliwa imeandikwa kwa kalamu isiyofutika.

17 Aprili: T2, T3, T4

Tumetoka Idi, mvua haijakatika. Njia ni ileile kwa nusu ya kipimo, milimoli 5 kila moja. T2 gramu 1.09 (asilimia 82), T3 gramu 1.21 (74), T4 gramu 1.05 (80). T3 umeme ulikatika saa ya pili. Nikaiacha ipoe yenyewe, nikaendelea kesho yake, na sioni kama imeathirika. Isatini zenye florini, bromini na methili nilizinunua gramu 5 kila moja, jumla 575,000. Ya florini pekee ilikula 240,000, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote.

3 Mei: T5 na barafu ya wauza samaki

Isatini yenye nitro sikuinunua. Niliona ni rahisi kuitengeneza kwa kuweka kundi la nitro kwenye isatini ndani ya asidi ya sulfuri. Sharti lake ni moja: joto lisipande juu ya sifuri na ushee. Mashine yetu ya barafu imekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo nilikwenda Feri asubuhi nikanunua barafu kwa wauza samaki, nikaipandisha bajaji kwenye ndoo.

Kosa langu ni kwamba barafu tupu haishuki chini ya sifuri, na ukiiweka vipande vikubwa inagusa chupa mahali pachache tu. Kipimajoto cha bafu kilisoma 1. Ndani ya chupa, nilipokuja kukitumbukiza, kilisoma 19. Mchanganyiko ulikuwa umegeuka kahawia nzito kama kahawa ya kijiweni. Niliumimina wote kwenye barafu na kuutupa kwenye chupa ya taka za asidi.

Mara ya pili niliponda barafu ndogondogo, nikaichanganya na chumvi ya mawe kiasi cha theluthi yake kwa uzito, na kipimajoto nikakiweka ndani ya chupa. Kilikaa kati ya hasi 3 na 2 muda wote. Nikapata unga wa njano mpauko, unayeyuka nyuzi 252 hadi 254, unaokaribia kabisa kile kinachotajwa. Kutoka hapo T5 ilikuja kwa shida, gramu 0.56 tu, asilimia 38, na ni ngumu kuyeyuka kwenye kila kitu. Hilo la kutoyeyuka niliandika kwenye daftari kama jambo dogo. Lilirudi.

29 Mei: NMR

Sampuli tano zilipelekwa kwenye mashine ya wengine ya NMR, inayoonyesha umbo la molekuli kupitia hidrojeni na kaboni zake, 90,000 kila moja. Kwa T1 protoni zote nane zimejipanga kati ya 7.4 na 8.7, hakuna kitu upande wa kulia isipokuwa maji kidogo, na kaboni mbili za kabonili ziko karibu na 182 na 158 kama inavyopasa. T4 imeonyesha methili yake. T5 ilitoa mistari hafifu kwa sababu haikuyeyuka vya kutosha hata kwenye DMSO ya NMR, kiyeyushi kikali. Dokta anayenisimamia alisema, "Umeona? Inakwambia kitu." Sikusikia.

14 Juni: Sahani ya kwanza, na shangwe

Upimaji tunafuata utaratibu wa CLSI, taasisi ya viwango vya maabara, uitwao M27: sahani ya vishimo 96, midia (chakula cha maji cha kuoteshea) ya RPMI 1640 iliyotulizwa kwa MOPS kwenye pH 7, chembe za hamira kati ya 500 na 2,500 kwa mililita, nyuzi 35, unasoma baada ya saa 24. Unatafuta MIC, yaani kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Kwa dawa za fangasi jamii ya flukonazoli unaangalia pale ukuaji unapopungua kwa nusu ukilinganisha na kishimo kisicho na dawa. Nimetumia hamira Candida albicans, aina ya ulinganisho ATCC 90028. Sababu ya kuanza na huyu ni nyepesi: ni miongoni mwa wanne ambao WHO iliwaweka kundi la hatari zaidi kwenye orodha yake ya fangasi ya Oktoba 2022, na anaota usiku mmoja.

Asubuhi vishimo vya mikrogramu 64 kwa mililita vilikuwa vyeupe kabisa, yaani hakuna hamira aliyeota. Vyote vitano! T1 hadi T5, MIC 64. Nilipiga picha, nikawatumia wenzangu, mmoja akanijibu "profesa". Jioni niliandika kichwa cha habari cha sura ya nne ya tasnifu yangu.

18 Juni: Kichwa cha habari kimefutwa

Usingizi ulinikataa kwa jambo moja. Kwenye sahani ileile nilikuwa nimeweka pia isatini ghafi, kwa ajili ya ulinganisho tu. Nayo ilitoa 64. Vitu sita vyenye maumbo tofauti, kimoja hakina hata pete nne, vyote vinasimama kwenye kishimo kilekile. Dawa sita zikitoa jibu moja, anayejibu ni mwingine.

Nikarudi kwenye hesabu. Kwa sababu triptanthrini hazitaki kuyeyuka, akiba yangu, yaani myeyusho mzito wa kuanzia, kwenye DMSO ilikuwa miligramu 1.6 tu kwa mililita. Ili nifikishe mikrogramu 64 ilinibidi niweke DMSO nyingi: asilimia 4. Kishimo kinachofuata asilimia 2, kisha 1, na kuendelea kushuka. Na kishimo changu cha ulinganisho, kile "kisicho na dawa", nilikiwekea DMSO asilimia 1 kwa sababu ndivyo nilivyosoma mahali kuwa ni kiwango salama. Kwa hiyo nililinganisha hamira waliolowekwa kwenye asilimia 4 na waliokaa kwenye asilimia 1.

Niliandaa sahani ya DMSO peke yake, bila kemikali yoyote. Asilimia 4: weupe. Asilimia 2: ukuaji umepungua lakini upo. Asilimia 1: kama kawaida.

Niliwaandikia wenzangu ujumbe mfupi. Yule wa "profesa" alituma emoji ya kulia, sijui kwa kunihurumia au kucheka.

9 Julai: Candida upya

Marekebisho matatu. La kwanza, DMSO ni asilimia 1 kwenye kila kishimo bila kujali kiasi cha dawa. Unapunguza dawa ndani ya DMSO kwanza, mara mbili mbili, kisha kila hatua unaimimina kwenye midia kwa uwiano uleule. Usipunguze ndani ya midia. La pili, nimekubali ukomo: kwa asilimia 1 ya akiba yangu, kilele ni mikrogramu 16, si 64. La tatu, kila sahani ina safu ya DMSO peke yake na safu ya flukonazoli yenye Candida parapsilosis ATCC 22019, ambayo MIC yake ya saa 24 inatakiwa iangukie kati ya 0.5 na 4. Yangu iliangukia 1, mara tatu mfululizo. Isipoangukia humo, sahani nzima haihesabiki.

Kosa lingine lilijitokeza katikati. Akiba nilikuwa naziweka kwenye friji. DMSO huganda nyuzi 18 na nusu, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nayeyusha kipande kigumu, na sikuona kwamba chini kulibaki vumbi la njano. Nilikuwa navuta kiyeyushi na kuacha dawa chini. Sasa akiba natengeneza siku hiyohiyo, naipasha nyuzi 50, naiinua kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuvuta. T5 haikufaulu mtihani wa dirisha hata mara moja, kwa hiyo nimeiondoa. Gramu yangu nusu ya nitro na safari mbili za Feri vimekaa kabatini.

Matokeo ya Candida albicans: T1 hadi T4, zaidi ya 16. Yaani hakuna kitu. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Jina triptanthrini linatokana na triptofani na asidi ya anthraniliki, na miongoni mwa walioanza kuonekana wakiitengeneza ni hamira mmoja, aliyeitwa wakati huo Candida lipolytica, akilishwa triptofani nyingi. Pengine nilikuwa nampelekea samaki mvuvi. Hiyo ni dhana yangu, sijaipima.

2 Agosti: Trichophyton na pakiti ya oti

Dokta akasema turudi mahali hadithi ilipoanzia, kwenye fangasi wa ngozi. Trichophyton rubrum na Trichophyton mentagrophytes kutoka kwenye mkusanyo wa maabara, utaratibu wa CLSI M38: spora 1,000 hadi 3,000 kwa mililita, nyuzi 35, siku nne, na unasoma pale ukuaji unapopungua kwa asilimia 80.

Rubrum hakutoa spora. Kwenye agari ya viazi aliota vizuri, mweupe kama pamba juu, mwekundu kama divai chini, lakini nilipomkwangua na kumwangalia kwenye hadubini niliona nyuzi tupu. Bila spora huwezi kuhesabu unachoweka kwenye kishimo. Wiki mbili zilipita hivyo, na sahani tatu zilivamiwa na ukungu wa kijani uliokuja na unyevu.

Dawa ya hilo ipo kwenye M38 kwenyewe, nilikuwa sijaisoma hadi mwisho: rubrum hupandwa kwenye agari ya oti. Nilinunua pakiti ya oti za uji supamaketi, shilingi 7,500. Nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa, nikaongeza agari na kupitisha kwenye otoklevu. Mara ya kwanza ilifurika ndani ya otoklevu, na Mzee alinipa brashi bila kusema neno. Jaza chupa nusu tu. Siku ya kumi rubrum alikuwa amejaa vispora vidogo kama machozi yaliyopangwa kando ya uzi.

30 Agosti: Matokeo

Marudio matatu, siku tofauti. Namba ni mikrogramu kwa mililita, rubrum kwanza, mentagrophytes pili.

T1: 8, 8
T2: 4, na kati ya 4 na 8
T3: zaidi ya 16, zaidi ya 16
T4: 8, 16
Isatini: zaidi ya 16, zaidi ya 16
DMSO peke yake: ukuaji wa kawaida
Terbinafini: 0.03, 0.03

Safari hii kila kimoja kimesema lake, na isatini imenyamaza. Ndiyo maana nayaamini. Florini imesaidia kwa hatua moja, na kwenye upimaji wa kupunguza mara mbili mbili hatua moja iko ndani ya kosa la kawaida, kwa hiyo sitaipigia ngoma. T3 nisingependa mtu aandike kwamba "haifanyi kazi". Nilipoweka sahani chini ya hadubini, kwenye mikrogramu 16 kulikuwa na sindano nyembamba za njano zimetapakaa kati ya nyuzi za fangasi. Dawa iliyoganda haijafika kwa mgonjwa, huwezi kuihukumu.

Na terbinafini, kidonge kinachopatikana duka lolote kubwa la dawa, inaishinda T2 kwa zaidi ya mara mia. Nimeiweka kwenye jedwali juu kabisa ya ukurasa wa sura ya nne, isijifiche.

12 Septemba: Hela, na kinachofuata

Isatini 185,000. Anhidraidi mpya 310,000. Isatini tatu zenye vipande 575,000. Viyeyushi 390,000. RPMI na MOPS 420,000. Sahani na ncha za pipeti 345,000. NMR 450,000. Barafu, chumvi, oti, bajaji 62,000. Jumla shilingi 2,737,000, nje ya vimelea na vifaa vilivyokuwepo. Kwa hesabu yangu kama 600,000 kati yake zilikwenda kwenye makosa, na nyingi ni zile sahani za DMSO.

Kinachofuata ni kuyeyuka. Natafuta kipande cha kuweka kwenye namba 8 au namba 2 kitakachopenda maji, pengine amini yenye mkia mfupi, kabla sijapima kitu kingine chochote. Jaribio la kwanza la kila kemikali mpya litakuwa lile la dirishani. Bado pia sijapima kama T2 inapasua chembe za damu, na hadi hapo sitaki kusikia neno "dawa" likitajwa mbele yake.

Kopo la zamani halikutupwa. Mzee amelifunga kwa gundi ya karatasi, amefuta jina la mbele kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "asidi ya anthraniliki, 147". Lipo rafu ya pili kushoto. Mdogo wangu wa mwaka wa tatu alilichukua wiki iliyopita kwa ajili ya zoezi lake la rangi, na inasemekana lilifanya kazi vizuri sana.